Dokta John Kirk na Sumu Iliyokuwa Dawa

Katika kila toleo la gazeti letu la skuli huwekwa ukurasa mmoja wa maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, ili sisi vijana tupate mazingatio. Safari hii zamu imeniangukia mimi, mwanafunzi wa Kidato cha Nne upande wa sayansi, nami nimemchagua Dokta John Kirk. Watu wengi wa Unguja wamelisikia jina lake kwa ajili ya kufungwa soko la watumwa na kwa mambo ya serikali. Hayo nitayataja, maana huwezi kueleza maisha ya mtu ukaiacha kazi yake kubwa. Lakini nitakaa zaidi juu ya jambo moja dogo lililompata kabla hajakanyaga nchi yetu, jambo la mswaki na sumu ya mshale, kwa sababu limefungamana na somo la misuli na mishipa ya fahamu tulilosoma muhula huu, na pia kwa sababu lina faida kwa kila nyumba yenye mgonjwa wa moyo.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana huyu alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kupata shahada yake mwaka 1854. Tangu ujana wake alikuwa na mapenzi mawili, moja la kutibu watu na la pili la mimea. Wakati wa Vita vya Crimea alikwenda Uturuki kufanya kazi katika hospitali ya Renkioi, karibu na mlango wa bahari wa Dardanelles, na hata huko kila alipopata nafasi alikuwa akikusanya majani na maua. Mapenzi hayo mawili ndiyo yaliyomleta Afrika. Mwaka 1858 David Livingstone alipokuwa akitafuta mtu mmoja atakayekuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika safari yake ya mto Zambezi, akachaguliwa Kirk.

Safari ile ilikuwa ya taabu. Mto ulikuwa na maporomoko yasiyopitika na chombo, homa zilikuwa nyingi, na wakubwa wenyewe hawakuwa wakipatana kila siku. Mwaka 1859 walifika Ziwa Nyasa. Mwaka 1860 mtumbwi wa Kirk ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa. Yeye mwenyewe aliokoka, bali daftari zake na picha za mimea alizozichora kwa mkono zilichukuliwa na maji. Mwaka 1862 bibi yake Livingstone, Mary, alishikwa na homa akafariki huko Shupanga, na Kirk alikuwa mmoja wa waliomuuguza. Mwaka 1863 yeye naye, akiwa dhaifu kwa maradhi, akarejea kwao.

Sasa nieleze habari ya mswaki. Katika nchi za mto Shire na Ziwa Nyasa wasafiri hawa walikuta wawindaji wanaopaka mishale yao sumu kali iitwayo kombe. Msomaji wa Unguja asichanganye: si lile kombe linaloandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe na kunyweshwa mgonjwa. Kombe hili ni mmea wa mwituni unaotambaa juu ya miti mingine, na mbegu zake zina manyoya marefu laini yanayozipeperusha katika upepo. Wawindaji walizitwanga mbegu hizo, wakapata kitu cha kunata, wakakipaka kwenye mshale. Mnyama mkubwa akichomwa hakwenda mbali. Nao waliikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, na iliyobaki wakaila bila ya kudhurika. Leo inajulikana kwamba sumu hiyo ikiingia katika damu huua upesi, lakini tumbo la mwanadamu huipokea kwa kiasi kidogo sana. Wawindaji wale hawakuwa na maabara, lakini jambo hilo walikuwa wakilijua.

Dokta Kirk alikuwa ameweka kidogo cha sumu ile mfukoni, na mfuko huo huo ndio aliotia mswaki wake. Siku moja, akisugua meno, akaona uchungu ulimini. Hakushtuka, kwani alikuwa na mazoea ya kuutumia mpini wa mswaki anapokunywa dawa ya kwinini, nayo kwinini, kama tunavyojua, ni chungu. Wakati huo alikuwa ameshikwa na mafua na moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Mara akaona mapigo yanapungua. Kesho yake alikuwa mzima kabisa. Livingstone aliitaja habari hii katika kitabu cha safari yao kilichotoka mwaka 1865.

Mtu mwingine angesukutua maji akasahau. Lakini Kirk aliyaunganisha mambo matatu, yaani uchungu, sumu na mapigo, akajua kuwa kombe kazi yake iko moyoni. Wazee wetu husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mambo yaligeuka: mgeni ndiye aliyepona, na aliyemponyesha, bila ya kukusudia, ni mwenyeji mwenye mshale.

Kirk alipeleka sampuli za mmea ule katika bustani ya Kew, London, na huko Daniel Oliver akaupa jina la kitaalamu la Strophanthus kombe. Kwa hiyo neno la wawindaji lilibaki ndani ya jina la Kilatini mpaka leo. Tangu mwisho wa miaka ya 1860 mtaalamu mmoja wa chuo kile kile alichosoma Kirk, Thomas Fraser wa Edinburgh, alianza kuichunguza sumu hiyo kwa wanyama. Aliona kuwa ikiwa kidogo moyo hupiga polepole na kwa nguvu zaidi. Ikizidi, moyo hujifumba usifunguke tena, na mnyama akafa. Alitoa ndani ya mbegu kitu chenye nguvu hiyo akakiita strofanthini, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake namna ya kuwatibu wagonjwa kwa mmea huo. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ujerumani walikuwa wakiipiga strofanthini sindano kwa wagonjwa ambao moyo wao umechoka.

Mambo hayo yakiendelea Ulaya, Kirk mwenyewe alikuwa hapa kwetu. Alifika Unguja mwaka 1866 akiwa daktari wa ubalozi wa Kiingereza. Mwaka uliofuata alioa hapa hapa, bibi aliyekuja kutoka Uingereza, jina lake Helen Cooke. Alikuwako wakati wa kipindupindu kikubwa cha 1869 na 1870, na wakati wa dhoruba ya Aprili 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka 1873 akawa Balozi Mkuu. Mwaka huo serikali yake ilimwamuru amwambie Seyyid Barghash kwamba asipotia saini mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa, manowari zitazuia kisiwa chote. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko la watumwa likafungwa. Mahali pa soko hilo, Mkunazini, ndipo lilipojengwa kanisa kuu linaloonekana mpaka leo. Utumwa wenyewe, hata hivyo, haukufutwa na sheria ya Unguja ila mwaka 1897.

Haifai kumsifu mtu kwa upande mmoja tu. Kirk alikuwa mtumishi wa dola yake, na dola hiyo ilikuja kuitawala nchi yetu. Mwaka 1885 Wajerumani walipodai nchi za bara na kuleta manowari zao mbele ya jumba la Seyyid Barghash, Seyyid alimtazamia Kirk, rafiki yake wa miaka mingi, amsaidie. Lakini amri kutoka London zilikuwa ni kukubaliana na Wajerumani, na Kirk akazifuata. Mwaka 1886 akaondoka Unguja. Mwaka huo huo Waingereza na Wajerumani wakagawana bara kwa ramani, wakamwachia Seyyid kipande chembamba cha pwani pamoja na visiwa.

Wakati wa utulivu Kirk alikaa Mbweni, ambako mtu akitoka hapa Jang'ombe akashika njia ya kusini hufika baada ya mwendo wa maili chache. Huko alikuwa na nyumba karibu na bahari na bustani ya miti aliyoikusanya kutoka pande nyingi. Kima mwekundu wa Unguja, ambaye tunakwenda kumtazama katika msitu wa Jozani, wataalamu walimpa jina la Kirk mwaka 1868. Sisi humwita kima punju, na wazee husema punju maana yake ni sumu. Sidhani kama wataalamu wale walijua wamelipeleka wapi jina la daktari yule wa sumu.

Nimekuja sasa kwenye jambo ambalo Kirk hakulijua mpaka kufa kwake: sumu ile inafanya nini hasa ndani ya moyo?

Mwanzo wa jawabu ulipatikana London mwaka 1883. Daktari Sydney Ringer alikuwa ameutoa moyo wa chura akauweka katika maji ya chumvi, nao ukaendelea kupiga. Lakini maji yakitengenezwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, moyo husimama. Akagundua kuwa maji ya bomba aliyotumia kwanza yalikuwa na kalsiamu, ile ile iliyomo katika chokaa, mifupa na maziwa. Pasipo kalsiamu moyo haupigi.

Mwalimu wetu wa bayolojia alitufahamisha kwamba seli ya msuli ni kama jahazi baharini. Nje kumejaa kalsiamu, ndani imo kidogo sana, kiasi cha sehemu moja kwa elfu kumi ya ile ya nje. Amri ya kujikunja inapofika, protini zilizo kama milango katika ngozi ya seli hufunguka, na kalsiamu kidogo huingia. Kalsiamu hiyo hugonga mlango wa ghala lililomo ndani ya seli, na ghala likamwaga kalsiamu nyingi zaidi. Ndani ya ghala imo protini iitwayo kalsekwestrini, iliyojulikana mwaka 1971, ambayo kazi yake ni kuishika kalsiamu ili nyingi ienee mahali padogo, kama pakacha zilizopangwa vizuri. Kalsiamu ikishamwagika hushikana na protini nyingine, troponini, iliyogunduliwa na Mjapani Setsuro Ebashi katika miaka ya 1960. Troponini huondoa kizuizi kilichoko juu ya nyuzi za msuli, nyuzi zikavutana, na msuli ukajikunja. Baada ya hapo protini zilizo kama pampu huifua kalsiamu, kama mabaharia wanavyofua maji chomboni: nyingi hurudishwa ghalani, na kidogo hutolewa nje. Ndipo msuli ukalegea. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hufanya kazi hiyo yote zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja, nasi tumelala na tukiwa macho.

Katika mishipa ya fahamu kalsiamu ni hiyo hiyo, bali kazi ni nyingine. Habari inapofika mwisho wa mshipa, milango hufunguka, kalsiamu huingia, na protini iitwayo sinaptotagmini huitambua. Hapo vifuko vidogo hupasuka na kumwaga dawa inayopeleka habari kwa seli ya pili. Bila ya hayo mkono huu unaoandika usingeandika.

Sasa turudi kwenye kombe. Katika ngozi ya kila seli iko pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Iligunduliwa na Mdenmaki Jens Christian Skou mwaka 1957, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Strofanthini huishika pampu hii ikapunguza kazi yake, na sodiamu ikaongezeka ndani ya seli. Iko na protini nyingine ambayo huingiza sodiamu tatu ili itoe kalsiamu moja, mfano wa biashara ya kubadilishana. Sodiamu ikishakuwa nyingi ndani, biashara hiyo hulala, na kalsiamu iliyokuwa itoke hubaki, ikawekwa ghalani. Basi pigo linalofuata ghala humwaga zaidi, na moyo mchovu ukapiga kwa nguvu. Wakati huo huo dawa huuchochea mshipa wa fahamu unaoutuliza moyo, na mapigo yakapungua, kama yalivyopungua ya Kirk. Lakini sumu ikizidi, ghala hujaa mpaka likavuja. Kalsiamu humwagika bila ya amri, moyo hupiga ovyo, na mwisho husimama. Kwa hiyo dawa na sumu ni kitu kimoja, na kinachovitenga ni kipimo.

Jambo hili kwangu si la kitabuni tu. Bibi yangu ana maradhi ya moyo, naye humeza kila siku kidonge kimoja kidogo cha digoksini. Digoksini haitoki katika kombe, hutoka katika ua la Ulaya la jamii moja na lile ambalo daktari William Withering aliandika habari zake mwaka 1785. Lakini inashika pampu ile ile kwa njia ile ile. Nyumbani kazi yangu kila asubuhi kabla ya skuli ni kumshika bibi kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Daktari alitwambia yakiwa chini ya 60, au bibi akiona kichefuchefu, au akiona vitu vina rangi ya manjano, asimeze kidonge mpaka tumuulize yeye. Mwaka jana miguu ya bibi ilivimba, pumzi zikamwia fupi, naye akataka kumeza vidonge viwili, kwa fikra kwamba kama kimoja kinafaa basi viwili vitafaa zaidi. Mama alimkatalia, bibi akakasirika, akasema tunamnyima dawa. Mimi nilikaa naye kitandani nikamhadithia wawindaji wa Shire: mshale wao na kidonge chake ni ndugu, tofauti ni kidogo cha huyu na kingi cha yule. Alinyamaza kitambo, akaniuliza kama mnyama yule alikuwa akiumia sana. Sikuwa na jawabu. Lakini kidonge cha pili alikirudisha katika chupa, na siku ile ile tukampeleka kwa daktari, akampa dawa nyingine ya kupunguza maji.

Nimeandika hayo kwa sababu najua hapa Jang'ombe na mitaa ya jirani ziko nyumba nyingi zenye vidonge kama hivyo, na mara nyingi sisi watoto ndio tunaosoma maandishi ya pakiti. Tusiwaongezee wazee kidonge, wala tusiwapunguzie, ila kwa neno la daktari.

Kirk aliporudi kwao aliingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya London mwaka 1887. Alikuwa amekwisha kupata cheo cha Sir tangu 1881. Alifariki tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 89. Jina lake limo katika kima, katika paa mdogo wa bara aitwaye dikidiki, na katika mimea kadhaa.

Jina la mwindaji aliyempa kombe halimo popote. Hatujui ni nani, wala mjuzi wa kwanza aliyetwanga mbegu zile aliishi lini. Mpaka zama zetu Wahadza wa Ziwa Eyasi wamekuwa wakipaka mishale yao sumu ya mmea wa jamii ile ile ya kombe, ujuzi waliopokea kwa wazee wao. Sisemi haya ili kumpunguzia Kirk sifa yake. Aliona, akahesabu, akapeleka kwa wanaojua, na pasipo yeye pengine strofanthini ingechelewa miaka mingi. Lakini aliyeona alionyeshwa.

Basi wenzangu, tunapotumwa na mwalimu kukusanya majani kwa ajili ya somo la mimea, tukamkuta mzee wa Makunduchi au wa Donge akatueleza jani hili linatibu nini, tuandike katika daftari jina la mmea, kazi yake, na kipimo chake. Kisha tumuulize mzee, na akiridhia, tuandike na jina lake.